Tulioimba Radio Sauti ya Injili enzi za kanda za kurekodia, tupeane uzoefu

Bwana asifiwe wana Moshi na Arusha.

Juzi kijana wa kwaya yetu kaniuliza Radio Sauti ya Injili ilianza lini. Nikamuuliza, unataka ya FM au ya kanda? Akabaki ananitazama. Nikaumia, maana sisi tunaoijua habari hii tunazidi kupungua.

Naanza na ninayoyajua. Mwaka 1963, ule ule ambao makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT, Walutheri wa dunia walizindua kituo kikubwa cha redio, ndiyo Sauti ya Injili ya mwanzo, Addis Ababa, Ethiopia, kwa kibali cha Mfalme Haile Selassie. Mitambo miwili ya masafa mafupi, kila mmoja kilowati 100. Vipindi vya Kiswahili vikatengenezwa hapa Moshi. Kwetu wakati huo redio ilikuwa ya serikali tu, kwa hiyo kwaya iliimba Moshi, kanda ikasafirishwa hadi Ethiopia, ndipo sauti ikarudi kwa njia ya anga mpaka kihambani kwetu Marangu. Baba alikuwa amefunga waya wa shaba kwenye mringaringa, na kazi yangu ilikuwa kuushika sauti ikianza kuyumba. Betri tulizianika juani mchana ili jioni zitufikishe mwisho wa kipindi. Mama akitambua kwaya ya usharika wa jirani, aliacha kumenya ndizi akasimama mlangoni.

Mlioingia studio wenyewe, semeni ilikuwaje.

Alto wa Kiboriloni
Shikamoo mwanzisha mada. Mimi niliingia miaka ya 80 mwanzoni, nikiwa msichana wa kipaimara. Tulifanya mazoezi miezi miwili kwa nyimbo nne! Tulipofika tukaambiwa tuvue viatu, sakafu ilikuwa inalia. Kile chumba kilikuwa kimya hadi ukasikia mate yako ukiyameza. Fundi mitambo akatupanga upya: besi wawili wenye sauti nzito akawarudisha ukutani, sisi alto tukasogezwa mbele, soprano wakageuzwa ubavu. Hakukuwa na kurekebisha baadaye kama vijana wafanyavyo leo kwenye kompyuta. Mmoja akikosea, wote mnarudi mwanzo. Wimbo wa tatu tuliurudia mara nane, mara mbili kati ya hizo ni kwa sababu ya kikohozi changu. Mwalimu wetu hakunigombeza, alinipa maji ya moto kwenye kikombe cha chai akasema, "Pumua, mwanangu, tunakusubiri." Mpaka leo nafundisha kwaya ya watoto kwa maneno hayo.

Tarumbeta Machame
Sisi wa tarumbeta tulirekodiwa nje, chumbani tulikuwa tunaumiza mitambo. Jogoo wa jirani yumo kwenye ubeti wa pili.

Meku wa Mwika
Mwanzisha mada, Addis umeipita haraka mno. Tarehe 12 Machi 1977, Jumamosi, serikali ya kijeshi ya Derg ilikitaifisha kile kituo, kikawa sauti ya mapinduzi yao. Sisi huku tulizungusha kitufe siku nzima tukidhani ni betri. Nikatembea hadi kwa mchungaji, naye nikamkuta anazungusha chake. Kazi za watu wa Moshi zilizokuwa zimeshapelekwa kule sijui ziliishia wapi, na hilo linaniuma kuliko mitambo. Baadaye nilizoea kusikiliza Kiswahili cha Feba, redio ya Kikristo kutoka Shelisheli, ila kusikia lafudhi ya nyumbani ndiko nilikokukosa.

Dada wa Ngaramtoni
Na Arusha tusisahauliwe, jamani. Habari Maalum, kituo cha habari cha Kikristo, ipo hapa Ngaramtoni, na Wapentekoste wengi tumekua nayo. Kwaya za Kilutheri na zetu zilikuwa zinaazimana mpiga gitaa.

Fundi Cherehani Mbuyuni
Mimi ni wa Sauti ya Injili ya FM. Baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 kufungua milango kwa redio binafsi, hatimaye tukasikilizishwa Moshi kutoka Moshi. Haikuwa jambo dogo. Tangazo la msiba wa Old Moshi unalisikia asubuhi, mchana umeshafika kuzika. Nyimbo za kwaya zinafuatana dukani kwangu tangu nafungua, na wateja wa Kiislamu wananiomba niongeze sauti ikija ile ya kinanda. Lakini naona kwaya za vijijini zinachezwa kidogo siku hizi. Zinadaiwa video kwanza. Naomba watangazaji wa sasa wasizisahau, hao ndio walioijenga redio.

Mjukuu wa Kibosho Road
Samahani wazee. Babu alikuwa kiongozi wa kwaya. Kabatini kwake kuna kanda mbili kubwa za duara, juu zimeandikwa kwa kalamu ya risasi jina la usharika na "1974". Nimepata mtu mwenye mashine ya zamani, nataka kuzijaribu Jumamosi.

Mwanzisha mada
Mwanangu, nakusihi usizijaribu. Kanda ya umri huo gundi yake inaweza kuwa imelainika, ikipita kwenye mashine inabanduka na sauti inakwenda nayo. Zitoe karibu na jiko, zisimamishe wima kwenye boksi kavu, usiziweke juu ya spika. Tumpate kwanza fundi anayezijua, aziandae, na akizicheza acheze mara moja tu huku ananakili. Nauli yake nitatoa mimi. Hayo maandishi ya kalamu ya risasi, yanasema usharika gani?