Paka jike wa miezi 5: afungwe kizazi sasa au azae kwanza?

Swali: Salaam wakuu. Tupo Ngamiani, Tanga. Paka wetu jike usiku kucha analia na kubinua kiuno. Jirani anashauri azae mara moja kwanza. Ni kweli?

Jibu 1: Hapana ndugu, asingoje. Tayari yuko kwenye joto, yaani anatafuta dume. Mimba ni siku 63 hadi 65 tu, na hushika nyingine angali ananyonyesha! Mfungie ndani joto lipoe, kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo. Wakati wa joto mishipa ya kizazi hujaa damu, upasuaji huvuja zaidi.

Jibu 2: Muulize daktari saa ya kuacha chakula. Tumbo likijaa, nusu kaputi humtapisha, matapishi yakaingia mapafuni. Akirudi, mvishe kola pana ya shingoni asilambe nyuzi. Kidonda kikavu, kingo zimeshikana, ni sawa; kikivimba au kutoa majimaji yanayonuka, mrudishe siku hiyohiyo. Nyuzi za nje hutolewa siku ya 10 hadi 14. Na tafadhali, panadol kamwe: inaua paka.

Jibu 3: Kama kuna dume nyumbani, naye ahasiwe. Mtenge na majike wiki 6, mbegu zilizobaki bado hutia mimba.