Tupeane uzoefu: filamu ya mapenzi kutoka matamasha makubwa iliyokugusa, na uliionaje ukiwa hapa Dar

Picha la Jioni

Wakuu, salaam.

Kila mwezi wa Mei kuna Jumamosi moja huwa sitoki. Nanunua bando mchana, naangalia Luku imebaki na uniti ngapi, kisha nakaa kufuatilia ufungaji wa tamasha la filamu la Cannes. Kipindi hicho Ufaransa iko nyuma yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo tuzo yake kuu, Palme d'Or, lile kuti la dhahabu, inatolewa huku watu wa Dar ndio wanatoa vyombo vya chakula cha usiku. Januari nafuatilia Sundance ya Marekani, Februari Berlin na tuzo yake ya Dubu wa Dhahabu, mwisho wa Agosti Venice, tamasha lililoanza mwaka 1932, halafu Septemba Toronto. ZIFF yetu, tamasha la filamu la Zanzibar, pale Ngome Kongwe, naifuata kwa boti nikijaliwa nauli.

Jina la mshindi tunalipata usiku uleule. Filamu yenyewe inakuja baada ya miezi, pengine mwaka, na nyingine haifiki kabisa. Kumbi zetu zinapenda magari yanayolipuka. Filamu ya watu wawili wanaopendana polepole lazima uisake mwenyewe.

Mimi ugonjwa wangu ni zile za mapenzi zenye kicheko na uchungu ndani ya chungu kimoja, na nina kipimo ninachotumia siku zote. Natafuta kitu cha kushika. Wapenzi wakiongea tu, sura nzuri, sebule nzuri, mimi hainiingii. Nionyeshe kitu ambacho mtu amekinunua, amekificha au amekipoteza kwa sababu ya mwenzake.

Mfano ni Fallen Leaves ya Aki Kaurismäki, wa Finland, iliyopata Tuzo ya Majaji Cannes mwaka 2023. Ansa anafanya kazi supamaketi jijini Helsinki, anafukuzwa kwa ajili ya chakula kilichopita tarehe ambacho kilikuwa kinakwenda jalalani. Holappa ni kibarua wa karakana, na chupa haimtoki. Wanakwenda kuangalia picha pamoja, Ansa anamwandikia namba ya simu kwenye kikaratasi, jamaa anakitia mfukoni, na palepale anapotoa sigara kikaratasi kinapeperuka. Hata jina la yule dada halijui! Inabidi awe anakwenda kusimama nje ya ukumbi, siku baada ya siku. Siku Ansa anapopita hamkuti, ila chini anakuta vipisi vya sigara vimejaa. Anaelewa.

Baadaye anamkaribisha chakula. Kabla ya jamaa kufika, Ansa anakwenda dukani kununua sahani ya pili, na uma na kisu, kwa sababu kwake kuna sahani moja.

Hapo nilisimamisha picha. Tulikuwa wawili, Sinza, na umeme ulishakatika, tunamalizia kwa betri ya laptopu (filamu ina dakika 81 tu, tukawahi). Rafiki yangu akakaa kimya, kisha akaniambia kwamba alipoanza maisha geto alikuwa na sufuria moja, sahani moja ya bati na kijiko, na sahani ya pili aliinunua Manzese wiki aliyomkaribisha dada ambaye leo ni mama watoto wake. Sahani hiyo bado ipo. Haipakuliwi mtu mwingine.

Haya, zamu yenu. Filamu gani, uliionaje, ulikuwa na nani, na nini kimebaki? Sifa na lawama vyote vije.

Binti Tabata

Yangu ni My Favourite Cake, ya Iran. Walioitengeneza ni Maryam Moghaddam na Behtash Sanaeeha. Ilishindanishwa Berlin Februari 2024, na wao wenyewe hawakuwepo kwa sababu serikali yao iliwanyang'anya pasi za kusafiria. Niliposoma habari hiyo nikasema filamu hii lazima niione. Ilinichukua karibu mwaka.

Mahin ana miaka 70, mjane, watoto wako ng'ambo, anakaa peke yake Tehran. Siku moja yuko kwenye mgahawa wa wastaafu, anamsikia mzee mmoja dereva teksi akisema naye hana mtu nyumbani. Anamfuata hadi kituoni, anaiomba teksi yake, na njiani anamkaribisha kwake. Kinachofuata ni usiku mmoja, na ndiyo picha nzima.

Niliangalia na mama. Baba alitangulia mwaka 2016, na mama maandishi ya chini hayaoni vizuri, tena yanakuja kwa Kiingereza. Nikawa namsomea kwa Kiswahili kama wanavyofanya wale wa vibanda umiza, ila kwa sauti ya chini. Mwanzoni nilitafsiri kila neno. Tulipofika pale Mahin anapojipodoa na kuchagua nguo ya kumpokelea mgeni, mama akanigusa mkono, "Acha, naelewa." Kuanzia hapo nikawa nasoma pale anaponiuliza tu. Jirani alipokuja kugonga mlango kwa kuwa amesikia sauti ya kiume, mama akasema kwa nguvu, "Usimfungulie huyo!"

Mwisho siusemi. Wapo wanaosema mwisho ule umemwonea Mahin. Mimi naona waandishi walikuwa wakweli kuhusu umri: ukipata furaha ukiwa na miaka 70, hujaahidiwa kesho. Lawama yangu ni moja, katikati kuna mazungumzo yanajirudia, yangepunguzwa kidogo.

Ilipoisha mama hakusema kitu, akaenda kulala. Jumapili nikasikia harufu ya iliki uani. Kaweka sufuria jikoni, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko, anaoka keki. Alikuwa hajaoka tangu msiba.

Kimara Mwisho

Mimi niliionea angani, nasafiri kwenda Doha kikazi. Rye Lane, ya Raine Allen-Miller, iliyoanzia Sundance mwaka 2023. Dom analia chooni kwa kuachwa na mpenzi, Yas anamsikia kupitia mlango, halafu wanatembea pamoja mitaa ya Peckham na Brixton, kusini mwa London, mpaka jioni. Dakika 82.

Nilichoipendea ni kwamba vijana wawili weusi wanapita sokoni, wanacheka, wanapendana, na hakuna anayepigwa risasi wala kusikitikiwa. Rangi zake zimekolea kama kanga mpya. Kwenye uchungu ndipo nyepesi kidogo, ugomvi wao naona ulisuluhishwa haraka. Ila niliirudia kabla ndege haijatua.

Mzee wa Ilala

Hamjambo wanangu. Mimi wa zamani, nasema picha.

Miaka ya sabini tulikuwa tunakwenda Drive-In, njia ya Msasani, pale ulipo ubalozi wa Marekani leo. Wenye magari waliingia ndani. Sisi tulipanda pembeni tukaangalia bila sauti. Picha la Kihindi halikuhitaji sauti, nyimbo tulishazijua redioni. Jumapili nyingine ni Avalon, mjini, na huko unasikia wanawake wanalia ukumbi mzima.

Mwaka juzi binti yangu, ambaye ni nesi, akaniambia baba, India wamerudi Cannes. Nikashangaa, kumbe filamu ya kwao ilikuwa haijashindania ile tuzo kubwa kwa miaka 30. Hii ya Payal Kapadia, All We Imagine as Light, ikachukua Grand Prix ya 2024, tuzo inayofuata baada ya lile kuti la dhahabu. Tukaiangalia wote yeye akiwa ametoka zamu ya usiku.

Hakuna kuimba kwenye mvua. Manesi wawili wa Mumbai wanakaa chumba kimoja. Mdogo ana mpenzi Mwislamu, na hawana mahali pa kukutana katika mji wa mamilioni ya watu, na hapo panachekesha na kuuma. Mkubwa, Prabha, mumewe yuko Ujerumani na hapigi simu. Siku moja unaletwa mzigo, ndani mna jiko jekundu la umeme la kupikia wali. Hamna barua. Usiku yule mama anakaa chini jikoni analikumbatia lile jiko.

Mkwe wangu yuko Muscat, mwaka wa pili huu. Jikoni kwetu kuna birika la umeme alilotuma. Binti yangu aliligeukia mara moja, akarudisha macho kwenye picha. Nami nikaangalia mbele.

Ni picha ya polepole, na ukizoea zile za nyimbo sita itakupa tabu nusu saa ya mwanzo. Vumilia.

Picha la Jioni

Shikamoo mzee wangu. Nimeirudia aya yako ya birika mara tatu. Asante kwa kutuletea na Drive-In, wengi wetu hatukuikuta.

Steringi Hafi

Naomba nipingane na mkondo. Mwaka huohuo wa 2024 Palme d'Or ilikwenda kwa Anora ya Sean Baker, na Machi 2025 ikabeba Oscar tano, ikiwemo ya filamu bora. Nilikesha, sherehe ilianza saa tisa usiku kwa saa zetu. Nikaitafuta nikitegemea mapenzi. Binti wa Brooklyn anayefanya kazi klabu ya usiku anaolewa Las Vegas na mtoto wa tajiri wa Kirusi, wazazi wanatuma watu kuvunja ndoa, na ile saa ya kumtafuta bwana harusi mjini inachekesha kweli. Lakini mapenzi yako wapi? Yule kijana hakumpenda hata siku moja. Na msiiangalie na wazazi wala watoto, nawaonya.

Picha la Jioni

Kwamba kijana hakumpenda, tuko pamoja. Lakini mwangalie Igor, mmoja wa wale waliotumwa kuvunja ndoa, yule asiyeongea. Anampa skafu dada anapoona baridi inamuumiza. Mwishoni kabisa, ndani ya gari, theluji inaanguka, anatoa pete waliyomvua kwa nguvu na kumrudishia. Mtu pekee aliyeona kwamba ile pete ilikuwa ya yule dada kweli ni Igor. Kwangu dakika zile chache zinabeba picha nzima. Kelele za katikati ni nyingi mno, hapo nakupa haki yako.

Mwalimu wa Mbagala

Jamani tusisahau ya kwetu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto Septemba 2021. Haichekeshi sana, Zanzibar ya wakoloni si mahali pa kucheka, lakini mapenzi ya Yasmin na Denge yamo. Binti aliyeozwa kwa mzee anatoroka, anaangukia kwa kijana anayegawa karatasi za siasa. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita walikuwa wamekisoma kitabu kwa ajili ya mtihani, wakalalamika kwamba mengi yameachwa. Kweli yameachwa. Lakini darasani, tulipofika pale wawili wanapotazamana na hakuna anayesema kitu, msichana mmoja wa nyuma alisema, "Mwalimu, kwenye kitabu hii nilikuwa nairuka." Kipindi kijacho wote walikuja na vitabu vyao bila kuambiwa.

Mama Wawili

Past Lives ya Celine Song, iliyoanzia Sundance Januari 2023 kisha ikashindanishwa Berlin. Watoto wawili Seoul, wana miaka 12, familia ya msichana inahamia Canada. Baada ya miaka 12 wanapatana kwenye Skype, baada ya mingine 12 kijana anakuja New York, na msichana, Nora, ameshaolewa.

Mimi niliiangalia na mume wangu, Magomeni, watoto wamelala. Nilikuwa na wangu wa shule ya msingi. Alihamia kwa mjomba wake Mwanza tukiwa darasa la sita, na alinipa rula yake ya mbao yenye jina lake limechongwa kwa bikari. Mume wangu anaijua hiyo rula, watoto wanapigia mistari. Wale watatu walipokaa baa, wawili wanaongea Kikorea na mume kakaa pembeni haelewi, mume wangu akaniambia, "Huyu bwana ndiye mimi." Hakusema kwa hasira. Tukaendelea kuangalia tumeshikana mikono.

Kuna watu wanasema haina tukio. Tukio ni yule mume. Angeweza kufanywa mbaya ili sisi tumchague mgeni, na hawakufanya hivyo.

Binti Tabata

Nimerudi. Nimemsomea mama haya yote. Amesimama kwenye ile ya Finland, anataka kujua, je, yule dada sahani ya pili aliitumia tena au waligombana? Nimwambie nini?

Picha la Jioni

Usimwambie. Niambie uko Tabata ipi, Jumamosi nakuja na laptopu imejaa chaji, na wewe ndiye utakayemsomea.