Denmark vijijini msimu huu wa mvua: basi hakuna, leseni yako haitambuliki, halafu unaambiwa tatizo ni nguo zako

Wakuu, salaam. Uzi mrefu, asiye na muda apite tu. Naandika nikiwa nimevaa soksi mbili mbili na jino linapwita, kwa hiyo atakayeona nafoka anisamehe.

Kwanza nijitetee kabla hamjanishukia. Mimi mtoto wa Tukuyu. Mvua siiogopi, na sijaja hapa kulalamikia maji ya Mungu. Kwetu Rungwe mvua ikiamua kunyesha inanyesha kweli, bati linapiga kelele mpaka mnaongea kwa ishara, halafu inakatika na mtu anarudi shambani kwake. Hii ya huku Jylland magharibi, ile rasi kubwa ya Denmark, haina kelele wala haikatiki. Wenyewe wanaiita støvregn, yaani mvua ya vumbi. Ni manyunyu membamba kama unga, yanakujia ubavuni kutoka Bahari ya Kaskazini na yanapanda mpaka chini ya kofia. Unamaliza wiki nzima hujasikia tone likigonga dirisha, na bado kila ulichonacho kimelowa. Nilifika 2023, mwaka ambao nchi hii ilipata mvua nyingi kuliko mwaka wowote tangu waanze kupima 1874. Nikajipa moyo kwamba nimeingia kwa mguu mbaya tu, mwaka unaofuata utakuwa nafuu. Thubutu.

Lakini kesi yangu si mvua. Kesi ni basi.

Nakamua ng'ombe, shamba liko upande wa Skjern. Nyumbani nimeacha ng'ombe wawili wenye majina, hapa wako 240 wenye namba masikioni. Zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Naenda kwa baiskeli, kilomita 6, na hilo silisemi, mkataba niliusaini mwenyewe nikiwa na akili timamu. Shida ni kila kitu kingine. Duka, daktari, shule ya lugha, vyote viko mjini, kilomita 14. Kijijini tunapoishi pana kanisa, pana mlingoti wa bendera, pana ile mashine ya kushtua moyo imetundikwa ukutani, na pana kibanda cha viazi kando ya barabara kisicho na muuzaji: unachukua mfuko wako, unalipa kwa simu, unaondoka. Kibanda hicho nakivulia kofia, kwetu kingekwenda na viazi na mbao zake. Ila duka lilishafungwa, na shule nayo ilishafungwa. Wazee wa hapa wanasema mambo yalianza kuharibika 2007, serikali ilipounganisha halmashauri 271 zikabaki 98. Makao makuu yakasogea mbali, huduma zikafuata makao makuu.

Na msidhani wenyewe hawajui. Maeneo haya, kuanzia juu kaskazini mwa Jylland, yakishuka magharibi, yakizunguka hadi visiwa vya Lolland na Falster, Wadenmark wenyewe waliyapachika jina: ndizi iliyooza. Eti kwenye ramani umbo lake limepinda kama ndizi. Mimi Mnyakyusa niambiwe naishi ndani ya ndizi iliyooza! Kwetu ndizi ikioza anapewa nguruwe. Basi na huku wamefanya hivyo hivyo, maana nchi ina nguruwe wanaokaribia mara mbili ya watu.

Sasa sikilizeni la wiki ya 42. Hapa watu wakipanga mambo hawataji tarehe, wanataja namba ya wiki, na wewe mgeni unabaki unafungua kalenda kama mganga anayepiga ramli. Nilikuwa na miadi kwa daktari wa meno Jumanne, saa nne asubuhi. Daktari wa kawaida hapa ni bure, sikatai, lakini meno ya mtu mzima ni mfuko wako kwa sehemu kubwa, kwa hiyo miadi ile niliilinda kama mahari. Basi la saa mbili na dakika arobaini lilinitosha kabisa. Saa mbili na nusu niko kituoni. Msipate picha ya kituo. Ni nguzo moja imechomekwa kando ya mtaro, haina paa, haina benchi, na ratiba iko nyuma ya plastiki ambayo imeingia maji mpaka namba zimevimba.

Saa tatu kasoro, hakuna kitu. Saa tatu na robo, hakuna. Nimelowa mpaka bahasha ya mfukoni imekuwa uji. Akatokea bibi mmoja anatembeza mbwa. Mbwa kavaa koti la mvua lenye riflekta, zipu mgongoni, limemkaa kuliko langu linavyonikaa mimi. Bibi akanitazama, akatazama nguzo, akasema kwa upole kabisa: lakini wiki hii si kartoffelferie?

Kartoffelferie, wakuu, ni likizo ya viazi. Zamani watoto walikuwa wanaachiwa shule wiki hiyo wakachimbe viazi. Siku hizi hakuna mtoto anayechimba kiazi, likizo imebaki. Na basi letu, kumbe, linatembea siku za shule tu! Imeandikwa. Nyota ndogo pembeni ya saa, chini kabisa maandishi madogo kama ya kwenye karatasi ya dawa, palepale maji yalipoingia. Yaani usafiri wa watu wazima wa kijiji kizima umefungwa kwenye kengele ya shule. Watoto wakipumzika, na wewe ugua kwa utaratibu.

Nilipomwambia bibi nimelowa, akanipa ile methali yao: hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo zisizofaa tu. Wakuu, nina miaka zaidi ya miwili nasikia maneno hayo. Kazini nimeambiwa, kanisani nimeambiwa, sasa naambiwa mbele ya mbwa mwenye koti. Nikanyamaza, maana yule ni mtu mzima na nilikotoka mtu mzima hajibiwi.

Nikapiga simu kuulizia zile gari za kuagiza, flextur. Zipo, si uongo, ila lazima uagize masaa 2 kabla. Jino halikunipa taarifa masaa 2 kabla. Nikarudi nyumbani mbio, nikachukua baiskeli. Na huu ndio wakati wa kuvuna mahindi ya kulisha ng'ombe, matrekta yanavuta matela usiku na mchana, yanatoka shambani na udongo kwenye matairi, lami inageuka utelezi wa mfinyanzi. Sheria inamtaka aliyechafua barabara aisafishe, na wengi wanasafisha, ila wanasafisha wakimaliza. Mimi nilipita kabla hawajamaliza. Kona ya pili tela likanipita, baiskeli ikateleza nyuma, nikajikuta mtaroni maji yamefika magotini, gambuti moja imebaki kwenye tope na mguu umetoka.

Nilifika kwa daktari nimechelewa dakika 50. Nafasi yangu kapewa mwingine. Nikapangiwa wiki ya 46, na bili ya kutofika kwa wakati ikaja kwenye simu kabla sijakauka. Nikawaandikia watu wa mabasi, kwa Kidenmark changu cha kuungaunga. Wakajibu kwa adabu zote: taarifa ipo kwenye ratiba, tunakutakia siku njema.

Najua mtasema nunua gari. Gari la mtumba ningepata, siyo lazima nikanunue jipya lenye kodi ya usajili inayofika asilimia 150 kwenye kipande cha juu cha bei. Kinachonikwamisha ni leseni. Nimeendesha Fuso Tukuyu hadi Kyela miaka 8, na ile milima mnaijua. Hapa leseni ya Tanzania haibadilishwi hivi hivi, lazima ufanye mtihani wa nadharia na wa barabarani. Nchi yenyewe kilele chake hakifiki mita 171, ila mimi wa milimani ndiye sijui kuendesha. Sawa. Nadharia ni picha 25, ukikosa zaidi ya 5 umeanguka. Nilikosa 6. Swali lililonimaliza lilikuwa la zile pembetatu nyeupe zinazochorwa barabarani kukutaka umpishe mwenzako. Unajua wanaziitaje? Meno ya papa. Meno! Na mtihani wa kurudia uko wapi? Mjini. Kilomita 14.

La nyumba sitaki hata kulianza. Kuvu imeota nyuma ya kabati, mwenye nyumba anasema nifungue madirisha mara tatu kwa siku, dakika kumi kumi, hewa iingie. Hewa gani? Inayoingia ni mvua ya vumbi. Na siwezi kuhama, kwa sababu kuingia nyumba nyingine unaweza kudaiwa miezi 3 ya amana na miezi 3 ya kodi ya mbele.

Watakaoniambia rudi nyumbani, nawaomba wasubiri nimalize ada ya mdogo wangu kidato cha sita, halafu tuongee. Na wale wanaotuma picha za mishumaa na vikombe vya kahawa huko Copenhagen wakisema msimu huu ni mtamu, kwao treni ya mjini inapita kila dakika chache. Nyamazeni kidogo.

Wiki ya 46 ni wiki ijayo. Miadi ni Alhamisi saa tatu asubuhi, siku ya shule, nimehakikisha mara nne. Basi la kwanza linapita nikiwa bado nakamua, la pili linanifikisha saa tatu na nusu. Kama kuna mdau yuko maeneo ya Skjern, Tarm au Videbæk na ana gari, aniandikie. Mafuta nachangia, na gambuti nitavulia nje.