Kifungo cha miaka 9: tarehe ya kutoka inahesabiwaje?

Mwanagenzi

Wakuu, habari za jioni. Naomba wanaoijua sheria ya adhabu na kazi ya magereza wanifafanulie hesabu hii.

Mtu ametiwa hatiani kwa makosa matatu katika kesi moja: kuvunja nyumba, miaka 5, kuiba, miaka 3, kujeruhi, miaka 4. Mahakama imeamuru adhabu ya kosa la kwanza na la pili zitumikiwe kwa pamoja, ya tatu ifuate baada ya hizo. Alikamatwa tarehe 12 Machi 2023, hakupata dhamana, akahukumiwa tarehe 12 Septemba 2024. Sheria ya nchi yake inatoa msamaha wa theluthi moja kwa mwenye tabia njema.

Anatoka lini? Ile miezi 18 ya mahabusu inaingia wapi? Na tofauti ya msamaha wa theluthi, paroli na probesheni ni ipi hasa, maana naona vinachanganywa sana.

---

Mizani

Mkuu, umeuliza vizuri kwa sababu umeweka tarehe. Bila tarehe hesabu hii haifanyiki.

Anza na jumla. Miaka 5 na miaka 3 zinakwenda pamoja, kwa hiyo ile ndefu inaimeza fupi: 5. Ya tatu inafuata: 5 + 4 = 9. Zote zingekwenda pamoja angekuwa na miaka 5 tu. Zote zingefuatana, 12. Ona neno moja la hakimu lilivyo na uzito: makosa ni yale yale, ushahidi ni ule ule, tofauti ni miaka 7.

Sasa mahabusu. Hapa ndipo watu wanapopoteza miezi bila kujua. Hakimu anaweza kuizingatia miezi 18 kwa njia mbili, na wengi hudhani ni kitu kimoja.

Njia ya kwanza ni kusema "miaka 9 kuanzia tarehe ya kukamatwa". Kifungo kinaanza 12 Machi 2023 na kinaisha 11 Machi 2032. Theluthi ya miaka 9 ni miaka 3, kwa hiyo anatoka 11 Machi 2029.

Njia ya pili ni kusema "nimeondoa miezi 18, atatumikia miaka 7 na nusu kuanzia leo". Mwisho wa kifungo ni ule ule, 11 Machi 2032. Lakini theluthi ya miaka 7 na nusu ni miaka 2 na nusu, kwa hiyo anatoka 11 Septemba 2029. Amechelewa miezi 6, kwa sababu muda wa mahabusu haukuingia kwenye kifungo kinachokatwa theluthi.

Hakimu asiposema lolote na gereza likaanza kuhesabu siku ya hukumu, mwisho unasogea hadi 11 Septemba 2033 na kutoka ni 11 Septemba 2030. Mwaka mmoja na nusu mzima umepotea kwa kukosekana sentensi moja. Kuna na kosa la upande wa pili: hakimu ameshaondoa miezi 18, kisha karani anaandika tarehe ya kuanza kuwa ile ya kukamatwa. Hapo tarehe inatoka 11 Machi 2028. Mfungwa anafurahi, lakini hesabu ikija kukaguliwa anaweza kurudishwa kutumikia kilichobaki, na hilo linaumiza zaidi kuliko kungoja.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza linategemea maneno yaliyoandikwa kwenye hati ya kifungo. Kenya, kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinaitaka mahakama izingatie muda aliokaa mahabusu kabla ya hukumu. Sharti liko wazi, ila lisipoandikwa kwenye hati, gereza halina cha kushika.

---

Nasra

Naongezea kwa Mizani jambo moja kuhusu jumla. Mahakama ikinyamaza, isiseme "pamoja" wala "zifuatane", jibu linabadilika nchi kwa nchi. Kenya, adhabu za makosa kadhaa katika kesi moja hufuatana mpaka mahakama iamuru ziende pamoja. Mahakama za shirikisho za Marekani ni kinyume: zikitolewa siku moja zinachukuliwa kuwa za pamoja, zikitolewa siku tofauti zinafuatana, isipokuwa mahakama au sheria iseme vingine. Kwa hiyo usichukue hesabu ya nchi moja ukaipeleka nyingine.

Na theluthi nayo si ya wote. Kenya inaanza kwa vifungo vinavyozidi mwezi mmoja, na wa kifungo cha maisha haimgusi. Kwenye magereza ya shirikisho ya Marekani hakuna theluthi: kiwango cha juu ni siku 54 kwa kila mwaka wa kifungo kilichotolewa. Kwa miaka 9 ni siku 486, yaani kama miezi 16. Linganisha na miezi 36 ya theluthi.

Sasa tofauti ulizouliza, ndugu Mwanagenzi.

Msamaha wa theluthi ni hesabu. Gereza linauweka tangu siku ya kupokelewa, na mfungwa anaweza kupokonywa siku zake akivunja kanuni. Tarehe ikifika, anatoka.

Paroli ni uamuzi. Kuna bodi inayosoma faili, inaangalia kosa, mwenendo gerezani, atakwenda kuishi wapi, na inaweza kukataa. Anayetoka kwa paroli bado anatumikia kifungo, ila nje na kwa masharti; akiyavunja anarudishwa ndani. Tanzania ina Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994. Serikali ya shirikisho ya Marekani iliiondoa paroli kwa makosa yaliyotendwa kuanzia 1 Novemba 1987, ingawa majimbo mengi bado wanayo.

Probesheni haina uhusiano na kutoka gerezani. Ni amri inayotolewa badala ya kifungo: mtu anabaki nyumbani chini ya afisa, kwa muda na masharti maalumu. Usiichanganye na kifungo kilichoahirishwa. Kwenye kifungo kilichoahirishwa miaka imeshatajwa, ukikosea inaamshwa. Kwenye probesheni mara nyingi adhabu haijatajwa bado, kwa hiyo ukivunja masharti mahakama inakuhukumu upya kwa kosa la awali, na muda uliokaa nje kwa kawaida hauhesabiwi kama umetumikia chochote. Wengi hushtuka hapo.

---

Mwanagenzi

Nashukuru sana, sasa nimeelewa. Nimalizie moja: ikigundulika hati imekosewa, nani anarekebisha? Mkuu wa gereza ana mamlaka?

---

Mlango wa Nne

Hana. Gereza linafuata hati ilivyoandikwa, hata kama mkuu wa gereza anaona kwa macho yake kwamba hukumu ilisema vingine. Anachoweza kufanya ni kuiandikia mahakama iliyoitoa, na wale makini hufanya hivyo.

Chanzo cha makosa mengi ni cha kawaida kabisa. Hakimu anasoma hukumu ya kurasa kadhaa, mwishoni anataja adhabu tatu na amri ya mahabusu. Karani anajaza hati yenye mistari michache, anaandika "miaka 9" na tarehe ya siku hiyo, maneno mengine yanabaki kwenye hukumu. Jioni gari linaondoka na hati, hukumu inabaki masijala.

Kwa hiyo cha kufanya ni hiki. Pata nakala ya hukumu na nakala ya hati, uzisome kwa pamoja. Angalia vitu vinne tu: miaka ya kila kosa, pamoja au kufuatana, tarehe ya kuanza, na kama kuna faini. Faini ina mtego wake: kifungo cha kushindwa kuilipa kwa kawaida kinaongezwa mwishoni, hakiendi sambamba. Mahali pengi sheria inaruhusu kulipa sehemu hata mtu akiwa ameshaingia, na siku zinapungua kwa uwiano huo huo. Akilipa nusu ya faini, nusu ya kifungo hicho inaondoka. Familia nyingi hazilijui hili, zinangoja mpaka zipate yote.

Kama hukumu iko sawa na hati ndiyo imekosewa, ni kosa la uandishi. Barua kwa mahakama ile ile inatosha, haihitaji rufaa. Kama hukumu yenyewe ndiyo iliyosahau mahabusu, hapo ni rufaa au maombi ya marejeo katika mahakama ya juu, na muda ni mfupi: Kenya siku 14, Tanzania notisi ndani ya siku 10 na sababu za rufaa ndani ya siku 45. Ukichelewa, unaanza kwa kuomba ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda. Na kabla ya kukata rufaa juu ya adhabu, ulizia kwanza kama mahakama ya juu inaweza kuiongeza. Nchi nyingi inaweza.

Mfungwa mwenyewe anaweza kuanzisha hili bila wakili. Kanuni za Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha Desemba 2015, zinasema asipokelewe mtu gerezani bila hati halali, na kila mfungwa apate nafasi kila siku ya kupeleka ombi au lalamiko kwa mkuu wa gereza au afisa anayemwakilisha. Ombi la kwanza kabisa liwe kuonyeshwa tarehe mbili zilizo kwenye faili lake: ya mwisho wa kifungo na ya kutoka kwa msamaha. Kwa mfano wako, Mwanagenzi, akikuta 11 Machi 2032 na 11 Machi 2029 amehesabiwa kila siku aliyokaa ndani. Akikuta 2033, aombe nakala ya hukumu wiki hiyo hiyo, siku za rufaa zingali zipo.