Mjadala: Vishale vina haja gani ya bingwa wa dunia wa kiume na mwingine wa kike?

Kishale cha Pili (mleta mada)

Wakuu, salaam. Najua humu wengi wetu ni watu wa mpira, Simba na Yanga asubuhi mpaka usiku, lakini leo nivumilieni.

Kila mwisho wa mwaka Uingereza kuna mashindano mawili ya dunia ya mchezo wa vishale (darts). La kwanza ni la PDC, shirika la vishale vya kulipwa, pale Alexandra Palace, London. Hilo halina upande wa wanaume wala wa wanawake, ukifuzu unapanda jukwaani. La pili ni la WDF, shirikisho la vishale la dunia, ukumbi wa Lakeside, Frimley Green. Huko kuna bingwa wa wanaume na bingwa wa wanawake, kila mmoja na kombe lake.

Hilo la pili ndilo linanishinda kuelewa. Mbio mita mia naelewa kwa nini wanatenganishwa. Ngumi naelewa. Lakini kishale ni gramu ishirini na kitu tu! Unasimama mita 2.37 kutoka kwenye ubao, kitovu chake kikiwa mita 1.73 kutoka sakafuni, unarusha vitatu, unampisha mwenzako. Unaanza na 501 unapunguza, na lazima umalizie kwenye dabo, ule ukanda mwembamba wa pembeni unaohesabiwa mara mbili. Tuseme umebakiwa na 40. Unatafuta dabo ya 20, kishale kinaingia ndani kidogo, umepata 20 kavu. Sasa unataka dabo ya 10. Kikiingia tena ndani unabaki na 10, unahamia dabo ya 5, na ukikosea hiyo kwa ndani unabaki na namba witiri, huna dabo tena mpaka uitengeneze upya. Watu maelfu wanaimba nyuma yako na mpinzani kabakiza 32. Niambieni, hapo misuli inaingilia wapi?

Ushahidi upo. Mwaka 2001 Gayl King wa Kanada alikuwa mwanamke wa kwanza kucheza dunia ya PDC, akafungwa, watu wakasema si mliona. Tarehe 17 Desemba 2019 Fallon Sherrock, mwanamke wa Uingereza, akamtoa Ted Evetts seti 3-2, kisha akamtoa Mensur Suljović, aliyekuwa namba 11 kwa upangaji, 3-1. Oktoba 2025 Beau Greaves, naye mwanamke, akamfunga Luke Littler 6-5 kwenye nusu fainali ya dunia ya vijana. Littler yule yule aliyekuwa bingwa wa dunia wa wakubwa tangu Januari mwaka huo, akiwa na miaka 17.

Kwa hiyo msimamo wangu: bingwa wa dunia awe mmoja. Njooni na hoja, matusi hapana.

Mpenda Takwimu

Mkuu, umeandika vizuri, ila umechagua mechi zinazokupendeza. Sherrock baada ya zile mbili alifungwa na Chris Dobey 4-2. Mechi moja haimfanyi mtu kuwa sawa na mwingine. Kwenye vishale kipimo ni wastani wa pointi kwa kila vishale vitatu, na wanaume wa juu wanacheza kwenye 100 mwezi mzima, wiki baada ya wiki. Wanawake wanaofika hapo na kukaa hapo ni wachache mno. Ukiunganisha leo, kwenye nane bora utaona wanaume watupu miaka na miaka, halafu mtakuja humu humu kulalamika kwamba wanawake wamefutwa.

Kishale cha Pili

Lakini mechi ya Greaves na Littler wote wawili walikuwa na wastani wa zaidi ya 100. Hakumbahatisha.

Dada wa Makorora

Kaka mleta mada, mimi nimewahi kucheza, Tanga hapa hapa, kwa hiyo nakujibu kwa upole. Unasema misuli haihusiki. Kweli. Sasa kama misuli haihusiki, tofauti ya wastani anayoisema huyo kaka wa takwimu imetoka wapi? Imetoka kwenye saa za kurusha. Na saa za kurusha zinatoka kwenye mahali ubao ulipotundikwa.

Ubao uko baa. Au uko mesi ya askari, au klabu ya wafanyakazi pembeni ya kaunta. Mchezo unachangamka kuanzia saa mbili usiku. Mwanamume akikaa pale mpaka saa tano, yuko mazoezini. Mimi nikikaa pale mpaka saa tano, kesho mtaa mzima una habari zangu, na mama mkwe kashapigiwa simu. Nilikuwa naenda na kaka yangu ili nionekane nimesindikizwa, na bado kuna mtu alikuja kuniuliza natumia kinywaji gani wakati nina vishale mkononi na nimebakiwa na 36! Uingereza nako mchezo huu umekulia baa, ndiyo maana wanawake wao walikuwa wachache miaka yote.

Lile taji la wanawake unalotaka lifutwe lilianza mwaka 2001 tu, chini ya BDO, chama cha vishale cha Uingereza kilichokufa 2020 na WDF wakarithi. La wanaume lilianza 1978, Leighton Rees akachukua. Miaka 23 hiyo wanaume wanapanda jukwaani peke yao, sisi bado. Trina Gulliver akachukua saba mfululizo, mwisho akafikisha kumi. Bila taji lile huyo Gulliver ungemjulia wapi? Na Greaves unayemtolea mfano, kabla ya kumfunga Littler alikuwa amebeba Lakeside mara tatu, 2022, 2023 na 2024. Alikomaa wapi, kaka? Mwaka 2023 alikuwa na nafasi yake Alexandra Palace, akaiacha, akaenda Lakeside kutetea taji lake, kwa sababu kanuni hazikumruhusu kote kuwili. Mtu mwenye uwezo wa kumfunga Littler alichagua shindano la wanawake. Jiulize kwa nini.

Mzee wa Rula

Alichagua kwa sababu huko anashinda. Si siri.

Dada wa Makorora

Na wewe ungechagua unakofungwa?

Jirani wa Machakos

Wapendwa wa Bongo, hamjambo. Niingilie kidogo kutoka huku Kenya, maana tangu Desemba 2025 vishale vimekuwa gumzo hata kwa watu wasiojua dabo ni nini. David Munyua, daktari wa mifugo, Mkenya wa kwanza kufika dunia ya PDC, alikuwa nyuma seti 2-0 dhidi ya Mike De Decker wa Ubelgiji. Huyo De Decker ni bingwa wa World Grand Prix ya 2024, si mtu wa kuokotwa. Munyua akarudi akashinda 3-2. Huku tulipiga kelele kama Harambee Stars wamechukua kombe.

Sasa nisikilizeni. Munyua alifikaje pale? Kupitia mchujo wa Afrika. Afrika ina nafasi yake iliyotengwa, kama Asia na wengine walivyo na zao. Wanawake nao tangu shindano la 2019 wana nafasi zao zilizotengwa, zilianza mbili. Sijasikia mtu akisema Munyua alipewa huruma. Sijasikia pia mtu akisema Waafrika wawe na bingwa wao wa dunia wa pembeni. Alifunguliwa mlango akaingia, De Decker akafungasha.

Kwa hiyo mimi niko na mleta mada kwenye jukwaa moja, lakini niko na dada kwenye njia ya kufika. Mlango wa wanawake uwe mpana zaidi. Kati ya wachezaji 128 safari hii, wanawake walihesabika kwa vidole.

Na kwa taarifa yenu, ubao unaotumika pale Alexandra Palace ni wa Winmau, na mbao za Winmau zinatengenezwa Kenya, kwa katani. Dunia nzima inatupia vishale kwenye mkonge wetu na sisi tumempeleka mtu wa kwanza juzi. Hiyo inaniuma kuliko mambo yenu ya jinsia.

Mpenda Takwimu

Katani ni Tanga, bwana, usitupokonye.

Jirani wa Machakos

Chukueni mashamba, kiwanda tuachieni.

Shabaha

Kuna jambo hamjaligusa. Mnazungumza kana kwamba kutenganisha kulikuja kuwalinda wanawake. Si mara zote. Olimpiki ya Barcelona 1992, ulengaji wa skiti, yaani kupiga kwa bunduki visahani vinavyorushwa hewani, ulikuwa wa pamoja. Zhang Shan, mwanamke wa China, akachukua dhahabu mbele ya wanaume wote. Olimpiki iliyofuata, Atlanta 1996, wanawake hawakuwa na skiti kabisa, si ya pamoja wala ya peke yao. Walirudishwa Sydney 2000, safari hii kwenye kundi lao. Bingwa hakupewa hata nafasi ya kutetea medali yake.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "wanawake wapewe la kwao" huwa nauliza kwanza ni nani anasema. Akisema dada hapo juu, namsikiliza. Akisema kiongozi wa chama aliyefungwa na mwanamke jana, hapana.

Mzee wa Rula

Mimi bado niko palepale. Mnataka pamoja, basi pamoja kweli: nafasi za kutengwa zifutwe, kila mtu apite mchujo mmoja. Lisa Ashton mwaka 2020 alipata kadi ya ziara ya PDC, ile ya kucheza mashindano yao ya kulipwa, kwenye mchujo wa wote, hakubebwa na mtu. Kumbe inawezekana.

Dada wa Makorora

Mzee wangu, shikamoo. Umesema inawezekana, ukatoa jina moja. Na huyo Ashton ni mtu aliyekwisha kuwa bingwa wa dunia wa wanawake mara nne kabla ya kwenda kwenye huo mchujo. Unanisaidia kujenga hoja yangu.

Tuzungumze pesa sasa, maana ndipo penye kiini na nyie mnapazunguka. Lakeside 2022, Neil Duff alichukua pauni 50,000 kwa wanaume. Greaves alichukua 25,000 kwa wanawake. Ukumbi ule ule, ubao ule ule, mita zile zile 2.37. Wakisema wanaume wanacheza zaidi, ni kweli: fainali ya Duff ilikwenda seti 6-5, ya wanawake ilikuwa ya kutangulia kufika nne. Lakini nani aliamua ya wanawake iwe fupi? Kaka kasema misuli haihusiki. Kama haihusiki, tunachoka kitu gani mpaka tukatiwe seti?

Upande wa pili, Alexandra Palace safari hii bingwa kachukua pauni milioni moja, na anayetolewa raundi ya kwanza kaondoka na 15,000. Greaves alitolewa raundi ya kwanza, 3-2 na Daryl Gurney. Kwa hiyo kufungwa mechi moja kule kunalipa zaidi ya nusu ya zile 25,000 za bingwa wa dunia huku. Halafu mtu ananiambia mashindano haya mawili ni sawa, chagua unalotaka!

Mimi sitaki Lakeside ya wanawake ifutwe. Nataka fainali yake iwe ya seti zile zile na hundi iwe ile ile. Wakishafanya hivyo miaka kumi, tuje tuhesabu wastani na kaka wa takwimu.

Kishale cha Pili

Dada, hoja ya seti naikubali yote, sikuwa nimeitazama kwa jicho hilo. Hiyo ya hundi nayo sina la kupinga. Ila kwenye jina la "bingwa wa dunia" sijasogea. Kombe la wanawake liendelee, liwe na pesa nzuri, liitwe vyovyote. Lakini bingwa wa dunia wa mchezo ambao mtu wa miaka 70 anafika fainali na mtoto wa miaka 15 anafika fainali, kwa nini awe wa jinsia moja? Paul Lim alicheza fainali ya Lakeside 2024 akiwa na miaka 70, Mitchell Lawrie akaicheza 2025 akiwa na 15. Umri wameufuta, jinsia wameiacha.

Dada wa Makorora

Na mwaka huo huo wa 2025 taji la wanawake likachukuliwa na Deta Hedman, mzaliwa wa Jamaika, miaka 66. Alikuwa ameshapoteza fainali tatu za dunia: 2012, 2014, 2016. Kamwambie yeye kwamba hilo si taji la dunia. Mimi simo.

Shabaha

Hapo mleta mada kazi unayo.

Mama Wawili

Nawasoma tu tangu mwanzo. Mimi si mchezaji. Binti yangu ana miaka kumi na miwili, aliona video ya Munyua, sasa anarusha penseli kwenye kabati. Nimeuliza klabu zenye ubao hapa Dar, zote nilizotajiwa ni baa. Kuna mahali pa mtoto?

Dada wa Makorora

Mama, usihangaike na klabu. Nunua ubao wa katani, si ule wa sponji wala wa karatasi, huo unatoboka. Tafuta ukuta usiopita watu, mbali na mlango. Kitovu kiwe mita 1.73 kutoka chini, kisha pima mita 2.37 kutoka usawa wa uso wa ubao, siyo kutoka ukutani, wengi wanakosea hapo. Uweke alama ya gundi sakafuni. Usiulowanishe hata siku moja, katani ikinywa maji inavimba. Kila baada ya wiki chache legeza ile pete ya namba uizungushe, maana atapenda kurusha 20 tu na pale patalika mapema. Na mfundishe dabo tangu mwanzo. Watoto wote wanapenda 180, zile pointi za juu kabisa kwa vishale vitatu, lakini mechi inaishia kwenye dabo.

Mpenda Takwimu

Mwandikie wastani wake kwenye daftari. Mwaka kesho ulete hapa.