Wakufunzi wa uuguzi, mnafundishaje mfumo wa kielektroniki bila mfumo wenyewe?

Wakuu, habari za kazi. Naombeni ushauri, hasa kwa wakufunzi na wauguzi walioko wodini.

Nafundisha stashahada ya uuguzi na ukunga (NTA 6) chuo kimoja cha mkoani. Darasani tunajaza faili za karatasi na vitabu vya MTUHA (rejista za karatasi za taarifa za huduma za afya). Wanafunzi wakienda mafunzo kwa vitendo wanakuta hospitali inatumia GoTHOMIS (mfumo wa serikali wa kompyuta wa taarifa za wagonjwa na huduma za hospitali), na hawana nywila ya kuingia. Wanaishia kuchungulia nyuma ya muuguzi wa zamu. Siwalaumu hospitali, taarifa za mgonjwa ni siri. Lakini huyu mwanafunzi akiajiriwa, ataanzia wapi?

Nimeomba akaunti za mazoezi, sijajibiwa. Nikatengeneza fomu za mfano kwenye Excel: zinasaidia kuandika vipimo vya presha na sukari, ila mtiririko wa mgonjwa kutoka mapokezi hadi maabara na famasia haupo.

Maswali yangu:
Kuna chuo kilichopata toleo la mazoezi lisilo na taarifa za wagonjwa halisi? Mliomba kupitia kwa nani, mganga mfawidhi au ngazi ya juu zaidi?

Na nyie wa wodini, mwajiriwa mpya hukwama wapi zaidi kwenye mfumo?