Naomba ushauri: mteja wa matangazo anasema watazamaji wetu wamekwisha

Mtoto wa Katuba:
Jambo wandugu. Ninauza nafasi za matangazo kwenye televisheni moja hapa Lubumbashi. Mteja wetu mkubwa, papa mmoja mwenye kinu cha unga, amelipia uchunguzi wa watazamaji na kututumia jedwali. Kwa habari za jioni, retingi imeshuka kuliko mwaka jana, ila shea imepanda. Yeye amepigia mstari retingi peke yake: tukate bei nusu, la sivyo anahamia Facebook. Patron anataka jibu Jumatatu. Namba mbili za kipindi kimoja zinapinganaje?

Yaya wa Bel-Air:
Hazipingani. Chukua nyumba 100 zenye TV. Tuseme mwaka jana saa hiyo 60 ziliwasha, 15 zikawa kwenu: retingi 15, shea 25. Mwaka huu zimewasha 40, 12 ziko kwenu: retingi 12, shea 30. Retingi inahesabu hata nyumba iliyozima. Shea inahesabu zilizowasha tu. Wenzenu wamepoteza kuliko ninyi. Uliza uchunguzi ulifanywa juma gani. Kama ni lile umeme ulipokuwa ukikatika kila magharibi, mmepimwa gizani.

Fundi Antena:
Umeme ni kisingizio, yaya. Kwangu upo, na watoto wamejifungia chumbani na simu.

Papa Kamalondo:
Fundi hajakosea. Hata Marekani ni hivyohivyo. Kipindi cha mwisho cha tamthilia ya M*A*S*H, Februari 1983, kilipata retingi 60.2 na shea 77, karibu watu milioni 106. Wakati huo televisheni tatu, ABC, CBS na NBC, ndizo zilizotawala. Kebo, yaani TV ya kulipia inayopita kwenye waya, ikawagawa watazamaji, intaneti ikafuata. Mwisho wa tamthilia ya Friends mwaka 2004 ulipata watu milioni 52.5, na watu wakashangilia! Mei 2025, vipimo vya Nielsen, kampuni inayopima watazamaji huko, vilionyesha utazamaji wa mtandaoni umefika asilimia 44.8 ya muda wote wa kutazama TV, wakati stesheni za kawaida na kebo kwa pamoja zilikuwa na 44.2.

Lakini kijana, usibishane na huyo papa juu ya idadi. Bishana juu ya nani anatazama. Wamarekani kwa miaka mingi waliuza matangazo kwa kuangalia watu wa miaka 18 hadi 49, kwa sababu hao ndio wenye matangazo waliowataka. Mteja wako anauza unga. Akina mama wangapi wako kwenye jedwali? Na waliuliza nyumba ngapi? Kwa nyumba 200, kutoka 15 kwenda 12 ni tofauti ambayo bahati tu inaweza kuileta.

Fundi Antena:
Hapo sawa. Na kuhusu Facebook: kwa miaka mingi video yao ilihesabiwa "imetazamwa" baada ya sekunde 3. Retingi ni wastani wa kila dakika ya kipindi. Asiziweke kwenye mzani mmoja.

Mtoto wa Katuba:
Asanteni wakubwa. Nimesoma ukurasa wa mwisho, maandishi madogo kabisa: nyumba 150, zote za katikati ya mji. Katuba haimo, Ruashi haimo, hata komini yetu ya Kenya haimo.

Yaya wa Bel-Air:
Eh! Na unga wake unaliwa wapi? Usikate hata franka moja. Mwombe apime upya na komini hizo, ninyi mchangie gharama. Wakati anasubiri, mwongezee tangazo moja la bure kila jioni, kwa maandishi, lenye tarehe ya mwisho. Bila tarehe, mwakani atalidai kama haki yake.